Bi Kidawa na Mbeleko Zake: Miaka Ishirini na Mmoja Kivinje

Leo, tarehe 30 Juni 1913, Bi Kidawa binti Likwata anaweka sindano chini baada ya kushona miaka ishirini na mmoja katika duka la Bwana Fakhruddin hapa Kilwa Kivinje. Ameomba tusimseme sana. Sisi wenzake tumekubaliana kumwasi kwa mara hii moja, na mimi Ismaili, karani wa duka, ndiye niliyepewa kazi ya kuandika.

Alifika mwaka 1892 akitokea Mitole, mjane wa miaka thelathini na kitu, na binti wa miezi mitano mgongoni. Alikuja kununua uzi tu. Bi Zehrabai, mke wa Bwana Fakhruddin, akavutiwa na namna alivyombeba mtoto. Wanawake wote wa mji walifunga nguo kwa fundo kifuani, lakini mgeni huyu alikuwa na mbeleko iliyoshonwa: kipande cha kaniki cha mikunjo miwili, na mikanda minne, miwili ya mabegani na miwili ya kiunoni. Alipoulizwa, alieleza kuwa fundo lilimfunguka kisimani akiwa ameinama, akamdaka mwanawe kwa kumshika mguu mmoja. Siku iliyofuata alishona mikanda. Bi Zehrabai alimpa uzi wake, kisha akamwonyesha mahali pa kukaa.

Hakuna mbeleko iliyotoka mikononi mwake bila kupimwa. Alitia ndani pishi nne za mchele, akamfunga nayo mgongoni yeyote aliyekuwa karibu na kumwamuru arukeruke. Mimi nimerukishwa mara nyingi mbele ya wateja, na siku moja hata Bwana Fakhruddin mwenyewe alirukishwa. Cherehani ilipoletwa mwaka 1899 aliikubali kwa kanzu na mifuko. Mikanda aliendelea kuishona kwa mkono, mishono mitatu, akisema cherehani haijawahi kuzaa. Mke wa afisa mmoja Mdachi aliagiza mbeleko, akashonewa nzuri yenye tarizi. Wiki iliyofuata tulimwona akipita sokoni ameitumia kumbebea mbwa wake. Bi Kidawa alimtazama mpaka akapotea, kisha akasema mikanda imekaa sawasawa.

Lakini kazi yake kubwa kuliko zote hakuifanyia dukani. Agosti 1905 aliletewa habari kwamba mama yake, Bi Tawakali, yu mahututi huko Mitole. Aliondoka na mkasi wake, sindano, na dhiraa kumi na sita za merikani nyeupe alizopewa na Bi Zehrabai kwa ajili ya sanda. Alipofika, vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha kuwaka katika milima ya Umatumbi. Nyumbani kwa mama yake alikuta wanawake saba waliokimbia vijiji vilivyochomwa moto. Kila mmoja alikuwa na mtoto mchanga, na wengine walikuwa na wakubwa wa kuwashika mkono pia. Nguo walizobakiwa nazo zilikuwa matambara yasiyoweza kubeba hata kibuyu.

Moshi ulikuwa unasogea. Ilibidi watembee mpaka Kivinje, siku mbili kwa miguu, na mwanamke mwenye mtoto mchanga mkononi hawezi kubeba unga wala kumvuta mtoto wa pili. Bi Tawakali aliyasikia hayo yote akiwa kitandani. Akaomba aletewe ile merikani, akaipapasa, akamwambia bintiye aikate mbeleko.

Bi Kidawa alikataa. "Mama, hii ni yako."

"Ni yangu, ndiyo maana natoa," mama akajibu. "Mimi nitazikwa hata kwa mkeka, na Mungu ananijua. Hao watoto watabebwa na nini? Kata, nikuone."

Alikata. Ametuambia mara moja tu, wala hajarudia, kwamba katika maisha yake hicho ndicho kitambaa pekee alichokikata kombo. Alishona siku mbili, na kina mama walimsaidia kusokota uzi. Asubuhi ya siku ya tatu Bi Tawakali alifariki, mbeleko ya saba ikiwa imebakiza ukanda mmoja. Wanaume wachache waliokuwapo walichimba kaburi, akasaliwa, akazikwa ndani ya kaniki yake na mkeka. Bi Kidawa akaja akamalizia ule ukanda. Adhuhuri waliondoka.

Watoto sita walifika Kivinje wakiwa hai. Mmoja alifariki njiani kwa homa, na mama yake alifika amevaa mbeleko tupu, hataki kuivua. Bi Kidawa hakumlazimisha. Alikaa naye uani kwetu siku nne, mpaka mwenyewe akaifungua.

Bi Zehrabai alimuuliza mazishi yalikwendaje. Bi Kidawa alisimulia yote, akaomba radhi kwamba sanda haikutumika kwa kazi iliyotolewa. Bi Zehrabai aliinuka. Alikwenda stoo, akarudi na jora zima la merikani, akalitua mbele yake, kisha akaketi na kuvaa tondoo kidoleni, tayari kushona naye. Miezi ile, wakimbizi walipozidi kumiminika na njaa ikafuata, duka hili halikushona kanzu hata moja.

Tangu hapo ametufundishia mafundi wawili, Martina na Yustina. Wote wawili wanaogopa jicho lake, na wote wawili wanashona mishono mitatu bila kukumbushwa. Yeye mwenyewe siku hizi hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano, na hataki kutungiwa. Ndiyo sababu anaondoka.

Bi Kidawa, tunakushukuru kwa kazi, kwa ukali, na kwa uji uliotupikia mwezi wa Ramadhani. Unakwenda kukaa kwa binti yako kule Somanga. Mungu akujalie afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wasikivu. Kesho asubuhi tutafungua duka kama kawaida, na mpaka sasa hatujapatana nani atakuwa wa kutukemea.