Matheka Munyoki, Fundi wa Meno Aliyemrudishia Mkewe Usingizi

Wapendwa mliokuja kulia nasi, mimi ni Maingi, mdogo wake marehemu, na familia imeniachia niwasomee maisha ya kaka yetu.

Matheka Munyoki alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 huko Wamunyu, Machakos, kifungua mimba wa Mzee Munyoki, mchonga vinyago, na Mama Ndindi, akasoma huko huko hadi darasa la nane, kisha akakaa na baba kuchonga. Mwaka 1959 alifika Nairobi, akaajiriwa na Daktari Ngigi kufagia chumba cha kutengenezea meno ya bandia, lakini mkono wa mchongaji haufichiki, na kufikia 1963 meno hayo alikuwa akiyatengeneza yeye.

Tarehe 5 Desemba 1964 alimwoa Koki, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwayani, wakajaliwa watoto watatu, na mwaka 1977 wakahamia hapa Buruburu.

Shemeji Koki ameniruhusu niseme la chumbani mwao. Yeye Koki alikuwa akikoroma hadi jirani anagonga ukuta, nasi tukamtania, kumbe si jambo la kucheka, maana pumzi ilikuwa ikikatika kabisa usingizini, na mchana akisinzia hata akiwa amesimama kwayani. Mwaka 1985 madaktari walisema dawa ni kumtoboa koo apumulie hapo, na huenda asiimbe tena. Matheka alikuwa ameshagundua kwamba akilivuta taya la mkewe mbele kwa vidole, pumzi hurudi, basi akawaambia, "Nipeni mwezi mmoja."

Kwa ushauri wa Daktari Ngigi alitengeneza kifaa cha plastiki ngumu, kipande cha meno ya juu na cha meno ya chini, vimeunganishwa ili taya likae mbele na ulimi usizibe koo, akakijaribu kinywani mwake kwanza, vinne vikavunjika, cha tano Koki akakivaa, akalala hadi kukapambazuka. Kaka aliniambia alikesha akiisikiliza ile pumzi ikiingia na kutoka, akaingiwa na hofu kama mtu aliyefungua kanisa akakuta Mungu amemtangulia. Nilikishika kidude hicho, kinaenea kiganjani, na hadi leo nastaajabu. Madaktari walipompima upya hawakutaja kisu tena.

Figo zilianza kumsumbua kaka Januari 1988, akalazwa mara tatu, na tarehe 9 Juni, saa kumi na moja alfajiri, akatutoka, Koki akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Daktari Ngigi na wenzake wa kazini, na majirani wote, hasa mliovumilia ng'ambo ya ukuta.

Nikishuka hapa, Koki ataongoza wimbo, kwa sauti yake mwenyewe.

Pumzika kwa amani, kaka.