Mama Seok Pil-nye (1916–1998) na Mkwe Aliyekatazwa Kusujudu

"Mama Mun-hui, huyo kijana akimsujudia baba mkwe aliyempa mke, amemwibia nani?"

Swali hilo marehemu mama yetu aliulizwa na jirani yake, muuza tofu, walipokuwa wakiosha kabichi uani, Novemba 1971, siku chache baada ya kumzika mumewe. Alijibu, "Amemwibia Mungu." Jirani akasema, "Basi huyo Mungu wako huibiwa kila siku." Wakaendelea kuosha mpaka kabichi zikaisha.

Mama Seok Pil-nye alizaliwa tarehe 3 Machi 1916 huko Uiseong, Korea, mtoto wa tatu wa mzee wa kanisa Seok Chi-baek. Alisoma miaka minne katika shule ya kanisa, na Biblia ndiyo iliyomfundisha kusoma. Mwaka 1939 Wajapani waliokuwa wakitutawala waliwaamuru Wakristo wakasujudu kwenye hekalu lao. Baba yake alikataa. Alifungwa Daegu, akarudi hana meno, na binti yake ndiye aliyemlisha uji hadi alipofariki mwaka 1941. Tangu hapo, kila alipomwona mtu anakunja magoti pasipo Mungu, mama alimkumbuka baba yake.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuolewa, tarehe 12 Oktoba 1936, na Bae Jong-ho, seremala, mtu mpole mwenye mzaha. Walijaliwa Mun-hui na Seong-jin, mume wangu. Mama alilima vitunguu saumu na kuviuza sokoni. Siku ya soko ikiangukia Jumapili, hakwenda. Wali wa Jumapili aliupika Jumamosi, ukaliwa baridi. Sala ya alfajiri hakuikosa, hata kwenye theluji.

Jumapili moja nguruwe alitoroka bandani. Mama akasimama mlangoni, hajui amkimbize au asimkimbize. Baba akamwambia, "Ng'ombe akitumbukia shimoni, Yesu karuhusu tumtoe. Nguruwe hakutajwa. Mwache, labda anakwenda kanisani." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nguruwe alirudishwa na yule jirani wa tofu, asiyesali popote.

Mwaka 1963 Mun-hui aliolewa Andong na Uhm Gi-tae, kifungua mimba wa nyumba inayowatambikia mababu. Baba aliridhia, mama alinyamaza. Baba alipofariki, tarehe 9 Novemba 1971, Gi-tae alifika amevaa nguo za katani za msiba, akapiga magoti mbele ya picha ya baba, viganja sakafuni. Mama akasema mbele ya watu wote, "Inuka. Nyumba hii haisujudii wafu."

"Mama, hii ndiyo heshima niliyofundishwa."

"Basi rudi nayo kwenu."

Aliinuka, akavaa viatu vyake pale kizingitini, akaondoka.

Toka siku ile, kila mavuno na kila mwaka mpya, Gi-tae alimleta mkewe kwa lori lake dogo hadi darajani, akamngojea humo humo mpaka jioni. Mama alijua. Alikuwa akisema tu, "Leo kuna baridi," kisha anamtazama Mun-hui, Mun-hui naye anamtazama yeye. Hivyo ndivyo ilivyokwenda zaidi ya miaka ishirini, katika nyumba iliyoimba tenzi asubuhi na jioni. Hilo linatuuma hadi leo, na mama lilimuuma kuliko sisi.

Januari 1997 mama alianguka uani, upande wa kushoto umekufa ganzi. Seong-jin alikuwa safarini. Mun-hui akakimbia darajani kumwita mumewe. Gi-tae alikuja, akapiga magoti kwenye theluji na kumgeuzia mama mgongo ili tumpandishe. Tukiwa njiani tulimsikia mama akiuliza, "Mimi mzito?"

"Nimebeba magunia ya mpunga, mama. Wewe hufiki hata nusu gunia."

"Una mdomo kama baba mkwe wako."

Tulidhani yamekwisha. Lakini Gi-tae alipokuja kumwona hospitalini, mama alimwuliza habari za mpunga. Akija tena, anamwuliza mpunga tena. Mkwe akishatoka, mama hugeukia ukutani: "Nimeshindwa. Ulimi huu nimeuzoeza kukataza tu. Kuomba radhi haujui." Nikamwambia, "Mama, atakuja tena." Akasema, "Ndiyo, atakuja. Yeye hana shida ya kuja." Desemba alipata kiharusi cha pili, na maneno yakawa ya kuokoteza. Alifariki nyumbani tarehe 17 Februari 1998, asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja.

Ameacha binti yake Mun-hui na mumewe Gi-tae, mwanawe Seong-jin nami mkewe Sun-im, wajukuu watano na kitukuu mmoja. Bwana ampokee kwa upole mkubwa kuliko ule aliojipimia mwenyewe, na alale kwa utulivu.

Wiki yake ya mwisho alimwita mchungaji, nami nilikuwapo nimemshika mkono. Mchungaji alimwuliza, "Mama, wazee wa kanisa watasemaje?" Akajibu, "Waseme. Hata mimi nilisema sana." Mchungaji amekubali ombi lake lisomwe leo kabla hatujamfunika, kama alivyolitamka, polepole, neno moja moja:

"Gi-tae akija, mtandikieni mkeka mbele ya picha yangu. Aniage kwa namna anayoijua. Mtu asimzuie."