Mkate wa Zlata na Mikono ya Wajane

Mchana ule maua ya mti wetu yalidondoka ndani ya vikombe vya kahawa, na hakuna aliyejisumbua kuyatoa. Benchi letu liko chini ya mti huo, mbele ya duka lililofungwa, hapa Polisia, kaskazini mwa Ukraine. Kesho yake Zlata alikuwa anaolewa, harusi ya kwanza kijijini kwa miaka tisa, na korovai, mkate wa harusi, ulikuwa haujakandwa. Huukanda wanawake wenye waume, mjane haugusi. Wenye waume wamehamia mijini. Tuliobaki ni wajane watatu: mimi, Todoska tunayemwita Redio, na Motria, Jenerali. Mwalimu Hnat alikaa nasi, kamusi magotini.

— Mababu wa Waslavi wote waliuita korvayi, alisema Hnat. Hakuna aliyeliandika neno hilo. Wataalamu wameliunda upya. Eti limetokana na neno lao la ng'ombe.

— Basi tumemaliza! akadakia Redio. Nani humuuliza ng'ombe mumewe yuko wapi?

— Punguza sauti, wewe, akasema Hnat. Ng'ombe huyo ni mfano wa bibi harusi.

— Mimi naona neno limetokana na mwezi, nikasema. Kitu cha mviringo, kinachoumuka taratibu gizani.

— Hapana, akasema Redio, macho kayafumba. Ni pumzi ya tanuri. Sikilizeni: koor-vaa-yi. Mkate ulijitaja wenyewe, watu wakaitikia tu.

— Shoga, kahawa yako umeitia nini? nikamuuliza.

Tulicheka. Jenerali hakucheka.

— Semeni tu mnaogopa, alisema. Mimi naogopa. Niukande mkate wa yule mtoto, halafu mumewe afe kama wangu. Nitajificha wapi?

Nyuki walikuwa wakivuma juu ya vichwa vyetu. Hatukumwona Zlata mpaka alipofika, akisukuma baiskeli yenye mfuko wa unga. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani.

— Mwalimu, aliuliza, huyo mama aliyelitamka neno hilo mara ya kwanza, unga ukiwa mikononi, alikuwa na mume?

Hnat akafungua kamusi. Akaifunga. Akatutazama sisi, kana kwamba mmoja wetu alikuwepo siku hiyo.

Jenerali akaanza kuivua pete yake ya ndoa, polepole, maana kidole kimevimba kwa uzee. Ilipotoka akaitia mfukoni, akakunja mikono ya blauzi.

— Maziwa yawe vuguvugu tu, mwanangu, alimwambia Zlata. Yakichemka yataua hamira.