Mzee Zéphirin Kalonda, Fundi wa Fito za Shaba

Mzee Zéphirin Kalonda Amisi alizaliwa Kalima tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa Papa Henri Kalonda, mchimbaji wa bati, na Mama Odette Sifa. Alisoma shule ya msingi palepale Kalima, kisha ufundi wa umeme huko Likasi, akapata diploma mwaka 1972.

Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi Likasi, katika jumba la kusafishia shaba kwa umeme. Yeye ndiye aliyechagua na kuunga fito bapa za shaba zinazofikisha umeme kwenye mabirika ya kusafishia. Umeme huo ni mwingi mno: fito zikiwa nyembamba, au kiungo kikilegea, huungua. Kila asubuhi alidondoshea viungo nta ya mshumaa. Ilipoyeyuka tena kwa joto la kiungo, alijua pa kukaza.

Tarehe 9 Agosti 1975 alimwoa Mama Scholastique Feza, aliyezoea kumtania mbele ya wageni: "Huyu bwana anashika vyuma kuliko mukono yangu!"

"Weye haulegeagi, Mama Naomie," alimjibu, akimwita kwa jina la binti yao.

Alihamia Kindu mwaka 1991. Mwaka 2001, vita vikiwa vimefunga reli, kipindupindu kiliingia. Hospitali moja ilikuwa na mashine moja tu ya kugeuza maji ya chumvi kuwa dawa ya kusafishia maji kwa nguvu ya umeme. Wafanyakazi, wakitaka ipendeze, walikuwa wamepaka fito zote rangi, hata zinapoungana. Rangi huzuia umeme, na kiungo huungua. Zéphirin, aliyeitwa kuikagua, akakataa iwashwe.

"Papa Zéphirin, watu wanakufa na weye unakwangua rangi?" alifoka Edouard, msimamizi.

"Njo sababu nakwangua. Ikiungua leo, kesho utawapa nini? Leta musasa, uache makelele."

Edouard aliuleta, wakakwangua pamoja siku mbili. Fito mbili nyembamba Zéphirin alizitoa, akaweka pana alizokata kwenye jenereta iliyokufa. Mashine ikawashwa, na nta haikuyeyuka. Kufikia Noeli, vitanda vya kipindupindu vilikuwa vitupu. Lakini katika siku zile mbili walikufa watu wanne. Aliandika majina yao ndani ya Biblia yake, na kila mwaka aliwaombea misa.

Novemba 2023 alianza kuugua figo. Alifariki hapa Kindu tarehe 6 Februari 2024, Mama Scholastique akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wanne, Arsène, Gisèle, Didier na Naomie, wajukuu kumi na mmoja, na dada yake Marie-Louise wa Lubutu. Naomie ndiye fundi wa mashine ile sasa. Leo asubuhi aliiwasha kwanza, ndipo akaja kumlilia baba yake. Maji tutakayonawa tukitoka makaburini yametiwa dawa yake.

Mungu ampokee fundi wetu, apumzike katika amani yake.