Mwalimu Ndunge, Aliyetufundisha Kuchuchumaa

Baada ya miaka ishirini na mitatu katika jimu yetu ya mazoezi ya Spring Valley, Bi. Ndunge Kilonzo anastaafu tarehe 31 Julai 2009. Hatujawahi kuwa na mwalimu mwenye sauti kubwa kama yake, wala mwenye subira kama yake.

Alipojiunga nasi, wanachama walishindana kubeba vyuma vizito huku magoti yakipinda ndani na visigino vikiinuka. Ndunge aliviondoa vyuma, akaleta benchi. Watu wazima wakaanza upya kujifunza kukaa na kusimama. Wawili walihama kwa hasira. Mmoja alirudi kabla ya Krismasi, akichechemea.

Lakini fahari yetu kubwa ilianza mwaka 2004. Bi. Shahida, mwenye duka la vitambaa River Road, ambaye wengi humwita Mama Fahim kwa jina la mwanawe, alikuja kwa ushauri wa daktari wake. Magoti yalimuuma hata akawa anaswali kitini. Daktari alitaka mapaja yapate nguvu kwanza, ndipo waamue kuhusu upasuaji. Shahida alijaribu kuchuchumaa, akalia.

"Mama Fahim, usianze na magoti," Ndunge alimwambia. "Peleka makalio nyuma, kama unatafuta kiti kwa giza. Goti ifuate vidole vya mguu. Ikiuma, simama, tunaanza tena."

Walianza na benchi lililopandishwa kwa mito. Magoti yakizoea, Ndunge anaondoa mto; yakivimba, anaurudisha bila kulalamika. Shahida alipokata tamaa na kuacha kuja, Ndunge alimfuata dukani, wakafanya mazoezi katikati ya majora ya vitambaa, wateja wakitazama.

Asubuhi ya Idi mwaka uliofuata, Shahida aliingia jimu na sinia la mahamri.

"Mwalimu, leo nimesujudu!" alisema kwa sauti. "Paji la uso chini kabisa, na nimeinuka mwenyewe!"

Jimu nzima ilishangilia. Ndunge alikimbilia chumba cha taulo, akatoka macho mekundu, akatukemea turudi kwenye mazoezi. Upasuaji haukuhitajika tena, na leo darasa la Ndunge la mazoezi ya magoti, la kila Jumamosi, ndilo linalojaa kuliko yote.

Sasa anarudi nyumbani Woodley, kwa mumewe Kaloki na bustani yao ya sukuma wiki. Mwalimu, asante kwa jasho lako na kwa makaripio yako. Tunakuombea afya tele, na miaka mingi ya kuinuka bila kushika kitu.