Kumuaga Tharcisse baada ya "Majina Tisa"

Mheshimiwa Mwakilishi wa Meya, Bwana Mkurugenzi wa redio, ndugu wachambuzi wa muziki, ndugu wageni waalikwa, batata na bamama, wazazi wetu wa Kolwezi, nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake.

Mimi ni Abigaël, mpiga besi wa kundi la roki la Radi. Nimepewa kazi ya kumuaga Tharcisse Kisimba, mpiga gitaa na mtunzi wetu, anayekwenda Mutshatsha kufundisha hesabu. Kwenye programu imeandikwa kwamba nitasema maneno ya furaha. Mtanisamehe.

Albamu yetu ya kwanza, Nyundo, mliipenda nyote. Ilipigwa kwenye baa, kwenye magari ya kwenda mgodi wa Mashamba, hata kwenye harusi za watu wasioujua muziki wa roki. Ilikuwa na kelele, nanyi mlitaka kelele. Kisha shimo likaporomoka Mutoshi, likawafunika wachimbaji tisa, na Tharcisse, ambaye mdogo wake alikuwa mmoja wao, akakaa mwaka mzima bila kugusa gitaa. Alipolishika tena alitunga albamu ya pili, Majina Tisa: ya taratibu, karibu bila ngoma, na wimbo wa mwisho ukiwataja marehemu mmoja mmoja.

Nani hakumbuki yaliyofuata? Tata Muamba, mchambuzi wetu uliyeketi safu ya mbele, ulisema redioni kwamba mkoa huu haujawahi kutoa kazi bora kuliko hiyo. Mwenzako wa Lubumbashi akaandika kwamba tumezeeka kabla ya kuota ndevu. Wasikilizaji walipiga simu siku tatu. Mmoja alilia hewani. Mwingine akafoka: "Bale banatuletea kilio! Mi nilikuya kucheza, hapana kulia."

Hayo tungeyavumilia. Lakini mnalikumbuka tamasha la humu ukumbini: hawa wanapiga miluzi wakidai Nyundo, wale wanawazomea wenye miluzi, na katikati ya wimbo wa majina akasimama Mama Djamila, mama yake marehemu Nasoro, mmoja wa wale tisa.

"Nani alikuambia utaye jina ya mutoto yangu mu micro?" aliuliza, akikionyesha kipaza sauti kwa kidole. "Mi sijaweza kuitaya mu nyumba yangu, na ninyi munaiimba bantu bakikunywa bière!"

Tharcisse aliweka gitaa chini, akashuka jukwaani, akapiga magoti mbele yake.

"Mama, nilikosa. Nilizani ni heshima."

"Ungeniuliza tu, papa," akasema yule mama. "Labda ningeitika."

Kesho yake Tharcisse aliuondoa wimbo ule. Nanyi mkafanya nini? Waliouita kilio walicheka kwamba ameshindwa. Waliousifu walimwita mwoga. Tata Muamba, ulitangaza kwamba msanii anayeogopa machozi ya mama mmoja si msanii. Wewe uliwahi kubisha mlango wa mama huyo? Tharcisse alibisha, Jumapili sita mfululizo, akisimama uani, hadi ya saba alipopewa kiti.

Na mimi je? Mtangazaji aliponiuliza wazo la majina lilikuwa la nani, na kwa nini familia hazikuulizwa, nilijibu: "Ni mambo ya Tharcisse. Sisi tulipiga tu." Nilidanganya. Tulipokuwa kwenye mazoezi, Tharcisse alitaka kwenda nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia tutachelewa, wengine watakataa, albamu itaharibika, tuimalize kwanza. Alinisikia redioni nikimtupia mzigo huo, na hadi leo hajanisahihisha, wala mbele yenu, wala tukiwa wawili.

Mji ulipogombana kama albamu ni nzuri au mbaya, mtu mmoja tu ndiye aliyebeba lawama, na sehemu kubwa ya lawama hiyo ilikuwa yangu.

Tharcisse, nayasema leo unapoondoka, wakati hayanigharimu tena kitu. Najua hilo nalo ni woga. Siombi unijibu mbele ya watu. Ila Mama Djamila yuko pale nyuma, karibu na mlango. Hakuja kwa ajili ya hotuba zetu, amekuja kukuaga wewe. Nenda kwake sasa, usingoje chakula kiletwe.

Nanyi wengine, mlionisikiliza hadi hapa, asanteni.