Nesi Hakumjibu Vincent

Kijiwe chetu kipo Nyamongo, mkabala na gereji ya pikipiki: benchi moja la mbao na birika la Nyangwine, muuza kahawa wetu. Wakongwe ni wawili. Kuna Kamanda, aliyewahi kuwa mgambo na bado anaongea kama yuko gwarideni, na kuna Redio, ambaye kila jambo amelisikia mahali. Mimi naendesha bodaboda, nakaa hapo nikisubiri abiria. Jumanne moja alirudi Vincent, ambaye hatukuwa tumemwona tangu tulipomzika mdogo wake, Joram. Tukamsogezea nafasi. Akasema kuna kitu kinamkosesha usingizi zaidi hata ya msiba wenyewe.

Kitu hicho nilikijua, maana nilikuwepo. Joram alifukiwa na kifusi shimoni, huko wanakochimba wachimbaji wadogo wa dhahabu. Tulipomtoa nikampakia kwenye pikipiki, Vincent amemshikilia kwa nyuma, nikakimbiza hadi kituo cha afya. Daktari na nesi Mokami walihangaika naye karibu nusu saa. Mokami ndiye aliyetoka kutuambia, na hakuzunguka. Alisema, "Joram amefariki. Tumejaribu, tumeshindwa." Vincent akamwita muuaji mbele ya watu wote. Akaitupa trei ya vifaa chini, akamtemea mate kwenye sare. Mlinzi akaja na rungu. Mokami akamwinulia mkono, akamwambia amwache, huyu amefiwa.

Sasa Vincent alitaka kujua kwa nini hakumjibu.

Kamanda alisema ule ni woga.

— Mwanamke peke yake, na mbele yake mwanaume amepandwa na hasira. Angejibu nini?

Redio akakataa. Alisema siku hizi manesi wanasomea namna ya kutawala hisia zao na kutambua za mgonjwa, tena kuna mtihani wake. Nyangwine akauliza mtihani huo unafanywaje. Redio akasema analetwa mtu maalumu wa kuwatukana mmoja mmoja, na anayenuna hapati cheti. Kamanda naye hakutaka kushindwa. Akasema Mokami ni mtu wa Ikoma, amekulia jirani na geti la hifadhi ya wanyama, na watoto wa kule wanafundishwa mapema kwamba ukikutana na mnyama mkali usikimbie wala usipige kelele. Unasimama, anapita.

— Kwa hiyo mimi nilikuwa mnyama, Vincent akasema.

Kamanda akainamisha kichwa.

— Sikumaanisha hivyo, mura, kijana wangu.

Hapo nikaona niseme nilichokuwa sijakisema. Vincent alipotoka nje mbio siku ile, mimi nilibaki kwenye korido, na mlango ulikuwa wazi. Nilimwona Mokami akileta beseni la maji. Akamwosha Joram uso, akamtoa udongo masikioni na kwenye kucha, upesi upesi, kwa sababu alikuwa ameambiwa mama yao yuko njiani. Mama alipofika akakaa sakafuni. Mokami akakaa naye palepale sakafuni, bega kwa bega, muda mrefu. Baadaye nikaenda kunawa nyuma ya jengo, nikamkuta ameegemea tangi la maji, analia. Hakuniona. Akanawa uso akarudi ndani, kwa kuwa kulikuwa na mama anayejifungua.

Vincent alinisikiliza hadi mwisho.

— Nilipomuaga Joram kabla ya kumzika alikuwa msafi, alisema. Sikujiuliza nani alimsafisha.

Kisha akatuuliza: akitaka kumwomba radhi, aanzeje? Hata Redio, kwa mara ya kwanza, hakuwa amesikia popote.

Mara tukamwona Mokami mwenyewe akitokea upande wa sokoni, amevaa kitenge, kumbe siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Alitusalimia shikamooni, Kamanda akaitikia na kumpisha akae. Hakukaa. Vincent alikuwa ameshasimama, anataka kuongea na maneno hayatoki. Mokami akamsubiri. Alipoona anazidi kuhangaika, akamuuliza taratibu:

— Mama anakula siku hizi?

Vincent akanitazama mimi, nami nikamtazama Kamanda. Sote tulilibeba jeneza. Sote tulikula pale msibani. Baada ya hapo hakuna hata mmoja wetu aliyekanyaga tena nyumbani kwa mama, na Vincent mwenyewe alikuwa amejificha kwa rafiki yake Genkuru, akikwepa macho ya mama yake.

— Sijui, alisema. Kisha akasema: Dada, nisamehe.

Mokami hakumwambia kwamba haikuwa kitu.

— Iliniuma, alisema. Iliniuma sana. Lakini nimekusamehe. Sasa nenda kwa mama.

Akaagana nasi, akashika njia yake. Vincent akanigusa bega, nikawasha pikipiki. Tulipofika tulimkuta mama amekaa mlangoni peke yake, saa nane mchana, na jikoni hakukuwa na moto. Vincent akaniomba nisiondoke. Akaingia kutafuta unga.